Shule ya Kiangazi Ihamie Nyasubi

Kila mwaka napokea mialiko ya wanafunzi wangu wa uzamivu katika taaluma ya biashara kwenda kwenye kile kinachoitwa shule ya kiangazi: wiki moja au mbili za kuishi pamoja, kusomeana rasimu na kuhojiwa na maprofesa wageni. Anayepata nauli humhimiza aende. Mwanafunzi wa uzamivu nchini mwetu ni mpweke. Mara nyingi ni mwajiriwa, anasoma usiku, na msimamizi wake amezidiwa na mitihani ya kusahihisha. Swali moja gumu kutoka kwa mwenzake, wakati wa chai, laweza kumwokolea mwaka mzima.

Wachumi walilitambua hili mapema. Muungano wa utafiti wa uchumi barani Afrika, AERC, ulioanzishwa mwaka 1988, umekuwa ukiwakusanya Nairobi wanafunzi wa vyuo mbalimbali, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwamo, kwa masomo ambayo chuo kimoja kingetaabika kuyapatia walimu. Faida ya kukutana haina ubishi. Ninachohoji ni mahali.

Kwa nini watafiti wa biashara wajifungie hotelini, mbali na biashara? Mimi napendekeza Nyasubi, kata ya Manispaa ya Kahama. Kwetu kiangazi ni majira ya kazi: mpunga umevunwa, mashine za kukoboa zinanguruma, na malori yanapakia. Dhahabu nayo haina msimu. Mchimbaji mdogo hufanya kazi kwa mkataba ambao mara nyingi haujaandikwa popote. Mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara lake, mfadhili aliyelisha kambi lake, na wachimbaji lao; mawe hugawanywa kwa mifuko palepale, kabla mtu hajajua yana dhahabu kiasi gani. Kisha yapo makarasha, marudio na wanunuzi. Nani anabeba hasara duara likitoka kapa? Nani anamwamini nani, na kwa dhamana gani? Hayo ni maswali ya uzamivu kamili.

Ronald Coase, akiwa mwanafunzi wa biashara London, alisafiri Marekani mwaka 1931 na kuzunguka viwandani akiuliza kwa nini makampuni hutengeneza vitu vingine yenyewe na vingine huvinunua. Kutokana na maswali hayo alichapisha mwaka 1937 makala kuhusu asili ya kampuni, iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1991. Sisi tunaifundisha makala hiyo darasani na kuisahau safari iliyoizaa. Nimesoma tasnifu ambamo dodoso lililotungwa kwa makampuni ya Marekani linamuuliza mwenye karasha kuhusu bodi yake ya wakurugenzi.

Gharama ya kutojua tunailipa sote. Mgodi wa Buzwagi, hapo hapo Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kusimama mwaka 2021. Wauza vyakula, wenye nyumba za kupangisha na wazabuni waliishije baada ya hapo? Mwaka 2019 serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, ikafungua masoko ya madini. Je, bei bora ilimfikia aliye shimoni, au iliishia kwa mfadhili wake? Ofisa anayeandaa sera anahitaji majibu hayo kuliko anavyohitaji semina nyingine.

Wapo watakaouliza nani atalipa. Sheria ya Madini, tangu marekebisho ya mwaka 2017, inaitaka migodi kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na serikali za mitaa. Madarasa na zahanati vitangulie, sawa. Lakini wiki mbili za watafiti ishirini kulala katika nyumba za wageni za Kahama ni fedha ndogo, na zinabaki hapo hapo mjini. Tahadhari ni moja: anayelipa asichague maswali.

Nami ningeongeza sharti. Niliwahi kuzungumza Nyasubi na mama mmoja mnunuzi wa mpunga. Aliniambia, "Mwalimu, wenzako walikuja na karatasi zao, tukawajibu. Hadi leo hatujaambiwa walipata nini." Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana maneno yake yalinielemea. Tunachukua maelezo yao, tunayaandika kwa Kiingereza, tunapandishwa vyeo, kisha tunashangaa wakikataa kutufungulia daftari.

Kwa hiyo siku ya mwisho ya shule hiyo iwe ya hadhara. Kila mwanafunzi asimame mbele ya wachimbaji, wafanyabiashara na maofisa wa halmashauri, aeleze kwa Kiswahili anachotaka kujua na kwa nini. Asiyeweza kulieleza swali lake likaeleweka kwa mwenye karasha, arudi akaliandike upya kabla hajatutafutia saini za kibali cha utafiti.