Gasketi Iliyotoboa Siri Yangu

Umewahi kumdanganya mzazi wako ukiwa mtu mzima mwenye kazi na watoto? Mimi nimewahi, na aliyenifichua hakuwa jirani wala ndugu, bali gasketi ya injini.

Nyumbani kwetu ni Barani, Malindi. Baba, ambaye alikuwa dereva miaka mingi kabla ya kustaafu, ana pikapu ya Peugeot 504. Vijana hulicheka gari hilo, lakini wazee hawajasahau kwamba 504 ndiyo iliyoshinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1975, Ove Andersson akiwa kwenye usukani. Kwetu sifa yake ni nyingine. Ndilo linalompelekea mama maembe yake katika soko la Kongowea, Mombasa. Msimu ni mfupi, na ngowe likishaiva halimsubiri mtu.

Desemba moja nikiwa likizoni nilijitolea kuendesha. Tulifika salama, maembe yakauzwa, mama akabaki Mombasa kwa dada yangu, nami nikaanza kurudi peke yangu. Ni kilomita 120 hivi. Karibu na Vipingo niliona mshale wa joto ukipanda. Nikasimama, nikangoja kidogo, nikaomba maji ya kisima kwa watu waliokuwa kando ya barabara, nikajaza rejeta. (Tafadhali, usifungue kamwe kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Maji yale hukurukia usoni.) Nilipovuka Kilifi mshale ulipanda tena, na safari hii ukaingia kwenye alama nyekundu. Kiza kilikuwa kinaingia, msitu wa Arabuko-Sokoke uko kushoto kwangu. Nikajiambia Gede si mbali. Nikaendelea. Nilifika nyumbani injini ikikohoa na moshi mweupe ukitoka nyuma.

Asubuhi baba alichomoa kijiti cha kupimia oili. Kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Gasketi imeungua," alisema. "Mshale uliuona ukipanda?"

"La, baba. Sikuuona."

Hivyo ndivyo nilivyojibu, bila hata kumeza mate.

Labda wewe hujawahi kuiona gasketi ya hedi. Ni bamba jembamba lenye matundu mengi, linalokaa kati ya bloki ya injini na kile kipande cha juu kiitwacho hedi. Kazi yake ni kutenganisha vitu vitatu visivyopatana: moto unaolipuka ndani ya silinda, maji ya kupoza na oili. Ikiungua, maji huingia kwenye oili, na rejeta hutoa mapovu kama sufuria ya uji.

Gereji tuliyoiuliza ilitaja bei ambayo ingemeza msimu mzima wa mama. Baba akasema tutafungua wenyewe. Siku hizi mikono yake hutetemeka, kwa hiyo yeye alikaa kwenye kigoda chini ya mwarobaini, mimi nikawa mikono yake.

Tulimwaga maji na oili, tukafungua mipira ya rejeta, kabureta na bomba la ekzosi. Nilipotoa vile vijiti virefu vinavyosukuma vali, alinipa boksi la kartoni lililotobolewa, nichomeke kila kijiti kwa mpangilio wake, kwani kila kimoja kimeshazoea mahali pake. Boliti za hedi hulegezwa kidogo kidogo, kuanzia pembeni kuingia kati. Wakati wa kukaza ni kinyume, kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, na kwa spana yenye kipimo, ambayo tuliazima. "Na mtu asizungushe injini hedi ikiwa imetoka!" alifoka. Katika 504, slivu za silinda zimezungukwa na maji, na zikiinuka kutoka mahali pake, maji yatavuja kwenda kwenye oili hata ukiweka gasketi mpya.

Hedi ilipotoka, gasketi ilikuwa imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, imekuwa makaa. Baba aliigeuza mkononi. Kisha akasema gasketi ilikuwa kuukuu, muda wake umefika, basi tusafishe tu tuweke mpya, kwa sababu maembe yanaiva.

Hapo ndipo uongo wangu ulipogeuka kuwa kitu kizito. Hedi ya 504 ni ya aluminiamu na bloki ni ya chuma. Aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na injini ikichemka kupita kiasi hedi hupinda. Ukifunga gasketi mpya kwenye hedi iliyopinda, itaungua tena. Ingeungua mama akiwa na mzigo, huenda usiku.

"Baba," nikasema, "mshale niliuona. Tangu Vipingo."

Hakunitazama. Alinyamaza muda ambao sitausahau, halafu akaniagiza rula ya chuma. Tuliilaza juu ya hedi, na mwanga wa jua ukapita chini yake katikati. Siku hiyohiyo nikaibeba mjini kuchongwa kwa mashine.

Rejeta nayo tuliifungua. Mifereji yake ilikuwa imezibwa na kutu na chumvi. Visima vingi vya pwani yetu vina maji ya chumvi, na si mimi peke yangu niliyewahi kuyatia mle. Baba alikiri kwamba bomba likikauka naye huchota kisimani. Sasa amejaza mitungi miwili ya maji ya mvua, na haruhusu mtu kuyanywa.

Tulipomaliza nilikwenda hadi Gede na kurudi, injini ikapoa usiku kucha, kisha tukakaza boliti tena. Wiki iliyofuata tulipakia ngowe na boribo. Baba alikaa kando yangu. Zamani, aliniambia, feri ya Kilifi iliwapumzisha watu na injini, upende usipende. Tangu daraja lifunguliwe mwaka wa 1991, hakuna anayesimama.

Mshale ulikuwa katikati, umetulia. Hata hivyo, kabla ya daraja niliegesha gari, nikanunua korosho, tukala tukiangalia maji. Mama, aliyebanwa katikati yetu, akauliza tunangoja nini.

"Feri," akajibu baba.