Kuwaka si Kuamka

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii niliifundisha katika shule ya upili kwa miaka miwili kabla ya kurejea chuoni kusomea shahada ya uzamili, na muda wote huo nilidhani naielewa. Maana yake haikunikaa vyema hadi mwezi Machi mwaka 2022, tarakilishi yangu ilipokataa kuamka.

Tarakilishi yenyewe ni ya mezani, niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Ndani yake mlikuwa na diski moja kuukuu, na ndani ya diski hiyo mlikuwa na saa 11 za sauti ya bibi mmoja mtunzi niliyemrekodi kisiwani Pate kwa ajili ya tasnifu yangu. Bibi huyo alifariki miezi minne baada ya mahojiano yetu. Nyingi katika tungo zake hazikuwahi kuandikwa popote. Alizihifadhi kichwani mwake, nami nikazihifadhi mahali pamoja tu. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Mashine ilipoanza kujikokota, nilinunua diski mpya yenye kasi, nikaiunganisha kando ya ile kuukuu, kisha nikasakinisha programu endeshi upya kwenye diski mpya. Kazi ilikwenda vizuri. Nikanakili rekodi zote na sura tatu za tasnifu, nikahakiki kuwa zinafunguka. Jumamosi nikaichomoa diski kuukuu na kumpa mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliyekuwa na haja nayo. Kijana wa watu akashukuru, akaenda akaifuta usiku ule ule.

Jumapili nilibonyeza kitufe. Taa ikawaka, feni ikavuma, kisha kiwambo cheusi kikaandika mstari mmoja wa Kiingereza ulionitaka nichague kifaa sahihi cha kuanzia. Nilizima na kuwasha hadi kidole kikachoka. Mstari ukabaki ule ule.

Fundi wa kwanza niliyempelekea hakusita. "Hii ni ndogo, mwalimu. Tunafuta, tunaweka upya. Nusu saa tu." Nilipomwuliza kuhusu yaliyomo, alijibu bila kuinua macho, "Hayo yataenda." Nikaibeba mashine yangu, nikaondoka.

Fundi wa pili alikuwa mzee mpole. Hakugusa chochote kabla ya kuniuliza: "Kabla haijagoma, ulitoa nini, ama uliongeza nini?" Nilimsimulia habari ya diski kuukuu, nikasisitiza kwamba haikuwa na kitu tena, maana vyote nilikwisha kuvihamisha. Akatabasamu. "Ulihamisha vyombo, mwalimu. Ufunguo wa mlango uliuacha kule."

Akanieleza. Umeme unapoingia, kinachoanza kufanya kazi si programu endeshi. Ni programu ndogo iliyomo katika bodi kuu, ambayo hukagua kumbukumbu na vifaa, kisha hupitia diski kwa utaratibu uliowekwa ikitafuta faili za kuamshia. Hizo ndizo zinazoiita programu endeshi. Nilipokuwa nikisakinisha, diski zote mbili zilikuwa zimeunganishwa, na ile kuukuu ndiyo iliyokuwa ya kwanza katika utaratibu. Kwa hiyo programu endeshi ilikaa kwenye diski mpya, ilhali faili za kuamshia ziliwekwa kwenye ile kuukuu. Siku zote hizo mashine yangu ilikuwa ikipita kwa jirani kuchukua ufunguo, nami sikujua. Laiti ningeichomoa diski kuukuu kabla ya kusakinisha, yasingetokea.

Hata hivyo, fundi hakukimbilia kutengeneza. Kwanza aliiamsha mashine kwa Linux iliyokuwa kwenye flashi, bila kusakinisha chochote. Diski yangu ikaonekana, na ndani yake faili zote. Akazinakili kwenye diski ya nje. Aliponifungulia rekodi moja nihakikishe, sauti ya bibi ikajaa kibandani, akikohoa kidogo kabla ya kuanza, kama ilivyokuwa ada yake. Niligeuka upande, nikajifanya natazama barabara. Baada ya hapo alitumia flashi ya kusakinishia, akaitia alama sehemu ya kuanzia, akaandika amri fupi ya bcdboot. Faili za kuamshia zikaandikwa upya kwenye diski mpya, nayo mashine ikaamka.

Mimi ni mwanafunzi wa lugha, kwa hiyo niliondoka nikiyatafakari maneno yake: "Inawaka, lakini haiamki." Kitenzi kuwasha tunakitumia kwa taa, moto, gari na tarakilishi, kana kwamba ni tendo moja. Kiingereza kililitenga tendo la pili kwa neno litokanalo na picha ya mtu anayejiinua kwa kuvuta vitanzi vya buti zake mwenyewe. Fundi wangu hakuhudhuria warsha yoyote ya istilahi, lakini alikwisha kuiziba pengo hiyo kwa neno alilolizoea nyumbani.

Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na programu nyingine zenye sura ya Kiswahili zikafuata. Ni hatua ya kujivunia. Lakini mashine hizi husema Kiswahili zikishaamka. Zinapokwama mlangoni, wakati mtumiaji anapohitaji msaada zaidi, hulalamika kwa Kiingereza. Hapo wanaistilahi tuna kazi, na mafundi wa vibandani wafaa kuwa miongoni mwa walimu wetu.

Rekodi za bibi sasa zimo mahali patatu, na mojawapo ni kwa binti yake kule Pate. Nawasihi wenzangu mnaokusanya fasihi simulizi: kabla hamjagawa mbachao, hakikisheni hamkuacha kitu chini yake.