Printa ya bei poa ilivyoniumbua mtaani

HAKUNA kitu kibaya mjini kama kupigiwa hodi na mtu anayefuata kazi ambayo wewe hela yake umeshaila. Unatamani ardhi ipasuke uingie. Mie yalinikuta mwaka jana, tena usiku, tena mama yangu kakaa palepale ananiangalia.

Ngoja nianze mwanzo, msomaji wangu, maana nikianzia katikati utasema huyu dada ana lake jambo.

Form Four nilimaliza siku nyingi, nipo nyumbani Mwananyamala, kazi yangu kuandikia magazeti. Malipo ya kazi hii mnayajua: leo yapo, kesho hayapo. Kompyuta ya mtumba ninayo. Nikawa naona watu wanavyopanga foleni pale steshenari ya mtaani, huyu barua ya kuomba kazi, yule fomu ya shule, ukurasa mmoja shilingi 200. Nikajisemea, ngawira yote hii inapita mlangoni kwetu naitazama tu?

Mama anauza maandazi. Mwezi ule ilikuwa zamu yake kupokea mchezo. Nikamlilia mpaka akanipa 150,000.

"Hii ni hela ya unga," akaniambia. "Nakukopesha, sikupi."

Huyoo, Kariakoo. Nikamkuta muuzaji mmoja mtanashati, maneno matamu kama halua ya Unguja. "Sista, hii mashine inachapa rangi, inatoa kopi, inaskani. Na wino umo humohumo kwenye boksi, bure kabisa!" Bure tena? Nilirudi nimeipakata kwenye daladala kama mtoto mchanga.

Wiki za kwanza nilikuwa na maringo, usiniguse. Nikabandika tangazo mlangoni, majirani wakaja. Kila jioni nahesabu mia mbili mia mbili zangu nacheka peke yangu. Na viatu nikanunua. Kumbe nilikuwa nachekea msiba.

Wino wa kwenye boksi haukukawia kwisha. Nikarudi kwa yule mtanashati wangu. Katriji nyeusi 45,000, ya rangi 50,000. Nikadhani sijasikia vizuri. Yaani mashine nzima na nyaya zake 150,000, halafu vidude viwili vinavyoenea kwenye kiganja 95,000? Nikanunua nyeusi peke yake, maana kazi za mtaani ni herufi nyeusi. Rangi ya nini?

Basi bwana, jirani yetu mmoja mtoto wake akachaguliwa kwenda Kidato cha Tano. Akaniletea fomu za kujiunga, kurasa 18, akalipa palepale 3,600. "Mwanangu, kijana anaondoka na basi la alfajiri." Nikamwambia, mama usiwe na wasiwasi, hiyo ni kazi ya dakika tano, pitia usiku uchukue. Hela ile ikaishia kwenye chipsi na vocha.

Saa mbili usiku nawasha printa. Ikaguna, ikakohoa, taa ikawaka: wino wa rangi umekwisha, weka mpya. Mie nachapa maandishi meusi! Nikazima, nikawasha. Nikachomoa ile katriji ya rangi, nikaitikisa kama chupa ya tomato, nikairudisha. Wapi! Mashine imekaza shingo, bila wino wa rangi haitoi hata nukta nyeusi.

Hodi ikapigwa.

Sina haja ya kuwaeleza sura yangu ilivyokuwa. Mama hakusema neno. Alifunua kopo lake la mauzo, akahesabu 3,600, akanipa mkononi mbele ya jirani. Nikatoka mbio na yule mama, kanga inaburuza, tukamkuta mwenye steshenari anashusha mlango. Tulimbembeleza mpaka akafungua. Kijana alisafiri na fomu zake, lakini tangazo langu mlangoni nililibandua usiku uleule.

Usingizi haukuja. Nikachukua kalamu, nikatazama boksi la ile katriji nyeusi: kurasa 120. Gawanya 45,000 kwa 120, unapata shilingi 375 kwa ukurasa. Mie nauza 200! Kila ukurasa niliomchapia jirani nikajiona mjanja, nilikuwa nachoma shilingi 175 za mama. Hapo karatasi sijatia, umeme sijatia.

Na hizo kurasa 120 zinapimwa kwa karatasi zenye maandishi machache. Chapa picha, au maandishi yaliyojaa, zinapungua. Halafu mashine yenyewe ni mlevi, hizi za wino wa maji hutumia wino kujisafisha matundu, na nyingi hufanya hivyo zikiwashwa. Kwetu umeme unakatika na kurudi, kwa hiyo yangu ilikuwa inakunywa hata siku ambayo hakuna mteja. Steshenari nyingi zina mashine kubwa za wino wa unga. Katriji yake ni ghali, lakini inatoa maelfu ya kurasa, ndiyo maana kwenye ile 200 wao wanabaki na kitu.

Mbona bei hivyo? Fikiria king'amuzi. Unauziwa kwa bei ya kutupa, halafu kila mwezi unalipia. Printa ndogo nazo ni hivyohivyo, mashine inauzwa bei ya chini, faida inafuatwa kwenye wino.

Nikajaribu ujanja wa mjini. Fundi mmoja Kariakoo akaijaza katriji yangu nyeusi kwa bomba la sindano kwa 10,000, na ya rangi akanipa ya mtumba. Ikachapa wiki moja, kisha printa ikaikataa, eti haiitambui. Kumbe katriji nyingi zina kichipu kinachoiambia mashine hii ndiyo, hii siyo.

Vichipu hivi vimeshawahi kuwaumbua wenyewe. Mwaka 2022, vichipu vilipoadimika duniani, Canon ililazimika kuuza katriji za unga zisizo na kichipu kwa baadhi ya mashine za ofisini, na kuwafundisha wateja wake jinsi ya kulipuuza onyo la mashine. Na Marekani mwaka 2017 Mahakama Kuu kabisa iliamua, katika kesi ya Lexmark, kwamba kampuni ikishauza katriji haiwezi kumshitaki kwa haki ya hataza anayeijaza tena na kuiuza. Lakini mahakama haing'oi kichipu.

Waindonesia ndio walionifurahisha. Walizidi kuzichokonoa printa zao na kuziunganishia chupa za wino kwa nje, mpaka mwaka 2010 Epson ikaanza kuwauzia printa za matangi, unamimina wino wa chupa mwenyewe. Mashine hizo bei yake iko juu, lakini chupa moja ya wino mweusi inatoa maelfu ya kurasa. Ningejua, ningesubiri mchezo wa pili.

Asubuhi ile nilimweleza mama hesabu yote, kuanzia 375 mpaka viatu. Alikuwa anageuza maandazi, hakuniangalia.

"Mwanangu," akasema, "ulinunua karai, hukuuliza bei ya mafuta."

Nilinywea. Mwanamke hajakanyaga hata Form One, lakini ile hesabu iliyonikesha mimi na kalamu, yeye anaifanya kila siku kabla jua halijachomoza.

Sasa namlipa 10,000 kila gazeti linaponilipa. Nimefikisha 90,000. Printa ipo sebuleni, nimeifunika kitambaa cha kufuma, juu yake kakaa redio.

Na wewe unayeinyemelea ya bei poa, kabla hujatoa mshiko muulize muuzaji: katriji bei gani, inatoa kurasa ngapi, na rangi ikiisha nyeusi itachapa? Akianza kukusifia wino wa bure wa kwenye boksi, muage kwa heshima, panda daladala urudi kwenu.