Beki Aliyebaki Getini

Mtu akisema "ningekuwa mimi nisingekubali", huwa nanyamaza. Mimi niliwahi kukubali.

Tulikuwa kidato cha tatu, timu ya soka ya shule, na tulialikwa kucheza mji wa jirani. Asubuhi ya safari tukatangaziwa kwamba asiyemaliza ada hapandi basi. Kwenye timu nzima alikuwa mmoja tu, beki wetu wa kushoto. Tukatazamana. Dereva akapiga honi. Tukapanda.

Ndiyo maana kisa cha Dons, timu ya Chuo Kikuu cha San Francisco ya mwaka 1951, hakiniishi. Mchezo wao si soka. Ni futiboli ya Kimarekani, ya mpira wenye umbo la yai unaokumbatiwa kifuani huku majitu yakikuvamia (kwa nini wanauita wa miguu, waulizwe wao). Chuo kilikuwa kidogo, cha mapadre Wajesuiti. Kocha Joe Kuharich aliwapeleka kambini Corning, mji mdogo wa California wenye jua lisilo na huruma, akawakimbiza hadi wakalegea. Msimu ulipoanza walicheza mechi 9, wakashinda zote 9. Ollie Matson alikimbia na mpira yadi 1,566, na hakuna mchezaji wa chuo Marekani aliyemfikia mwaka ule. Burl Toler alikuwa nguzo ya ulinzi. Hao wawili walikuwa Weusi. Wenzao wote, Wazungu.

Kwa rekodi ile, walitarajia mwaliko wa mojawapo ya mechi kubwa za mwaka mpya. Wachezaji wamesimulia kwamba habari iliyowafikia ilikuwa na sharti: njooni Kusini mwa Marekani, lakini Matson na Toler wabaki. Wakakataa. Januari ikafika, wakacheza wengine.

Kukataa kwao kulikuwa na bei. Futiboli ilikuwa ikikitia chuo hasara, na mapato ya mechi kama ile yangesaidia. Msimu ulipokwisha, chuo kikaifunga timu. Timu isiyofungwa na yeyote ikafungwa na hesabu.

Waliendelea na maisha yao. Matson alirudi na medali mbili kutoka Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, na yeye na wenzake wa Dons, Gino Marchetti na Bob St. Clair, wote waliishia katika Ukumbi wa Mashujaa wa futiboli ya kulipwa. Toler aliumia goti mwaka huohuo wa 1952, asicheze tena. Akawa mwalimu, kisha mkuu wa shule, na mwaka 1965 akawa mwamuzi wa kwanza Mweusi katika ligi kuu, ambayo wakati huo iliongozwa na Pete Rozelle, kijana aliyekuwa akiandika habari za Dons kwa magazeti.

Lakini kinachonisumbua ni jambo dogo. Wachezaji wale walisema hawakuhitaji hata kujadiliana. Nasi hatukujadiliana. Zamani nilikuwa nikijitetea kwamba honi ilituharakisha, kwamba tungepewa nusu saa tungefanya la heshima. Siamini tena. Jibu la Dons lilikuwa limeshapatikana katika jua la Corning. Letu nalo lilikuwa tayari: muhula mzima tulimwona beki wetu akienda bombani kunywa maji wenzake wakila, na hakuna aliyemuuliza. Tulikuwa tumeshazoea kumwacha.

Kule tulifungwa tatu bila. Mabao mawili yalipitia kushoto.

Tulirudi usiku. Alikuwa getini, ameketi juu ya jiwe, koti la sare limefungwa hadi shingoni. Alisimama basi lilipopunguza mwendo, akakimbia sambamba na dirisha langu, anacheka.

"Mmewapiga ngapi?"