Gundi Nyeusi Chini ya Kigae

Wengi wetu tunapoamua kuweka vigae vipya hufikiria rangi na bei. Kinachosahauliwa ni kile kilichoko chini. Ukibandua sakafu ya zamani ya plastiki hukuti simenti safi, bali tabaka la gundi: ama ya manjano, ama nyeusi kama lami.

Gundi ya vigae itumikayo sana leo ni ya simenti. Hushika kwa kupenya katika vitundu vidogo vya sakafu na kuganda humo. Vitundu vikiwa vimezibwa, kigae hukaa juu juu tu, na baada ya miezi kadhaa ukikigonga hulia kama mtungi mtupu. Dondosha maji sakafuni: yakinywewa, sakafu i tayari, yakisimama kama juu ya jani la yugwa, bado.

Wako mafundi wanaomwaga petroli ili gundi ilainike. Mimi siafiki hata kidogo. Licha ya hatari ya moto, petroli huiyeyusha gundi na kuizamisha ndani zaidi ya simenti. Ile ya manjano mara nyingi hulainika kwa maji ya moto, kisha ikakwanguliwa.

Lakini nyeusi ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Hadi miaka ya 1980 viwanda vingi duniani vilichanganya asbestosi katika vigae vya plastiki na katika gundi ya lami. Ikitulia sakafuni haina neno. Ikisagwa kavu kwa mashine, nyuzi zake zisizoonekana huelea hewani na kuingia mapafuni. Saratani yake huweza kuzuka baada ya miaka 20, 30, hata 40. Avutaye vumbi hilo si fundi peke yake, bali pia mama anayefagia jioni na mtoto atakayetambaa hapo kesho yake.

Kwa macho haitambulikani. Ni maabara tu. Basi kama nyumba ni ya miaka hiyo, mkatalie fundi mashine. Atanung'unika, maana hulipwa kwa mita ya mraba. Vigae vya zamani vilivyoshika barabara viachwe, na vipya vipite juu yake. Ziko gundi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na mfuko huandikwa hivyo. Vilivyolegea vilowanishwe, vibanduliwe vizima kwa mkono, vifungwe katika mifuko miwili ya plastiki. Usifagie, pangusa kwa kitambaa kibichi, nacho kitupwe pamoja navyo. Mlango itabidi ukatwe chini kidogo, kwani sakafu itakuwa imepanda kama sentimita moja na nusu.