Kijana Anataka Kupanda Nguzo

Kansas City, Missouri

Dada yangu,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza peke yangu, kisha nikausikiliza tena pamoja na wifi yako. Umeuliza waziwazi, na shangazi ana haki ya kuuliza: iweje mtoto akulie Marekani, asomeshwe hadi amalize sekondari, halafu aseme anataka kupanda nguzo za umeme? Umeniruhusu nikujibu hapa kwenye ukurasa wetu, nami nashukuru, kwa kuwa wako mashangazi na wajomba wengine wanaoamini kuwa mtoto wa ughaibuni ana njia mbili tu, uuguzi au kompyuta.

Ni kweli, Dada. Mwanangu, ambaye ni mwanao pia, ana miaka 19 na ameamua. Anataka kuwa fundi wa laini: yule anayesimamisha nguzo, anayevuta nyaya na kufunga transfoma, anayetoka usiku dhoruba ikishaangusha kila kitu. Swichi na soketi za ndani zina mafundi wake. Yeye atakuwa nje, kwenye jua kali na kwenye barafu, akishughulika na umeme wa volti elfu saba na zaidi ambao bado haujapunguzwa kuingia nyumbani kwa mtu.

Kabla hujanuna, kumbuka tulikokulia. Mitambo ya Hale kule kwetu ilianza kufua umeme mwaka 1964, na laini zake zilikatiza juu ya mashamba ya mkonge kwenda mijini, ilhali sisi tulisoma kwa koroboi. Umeme ulipita juu ya vichwa vyetu miaka na miaka bila kushuka. Siku uliposhuka, aliyeushusha tulimwona kwa macho yetu: amejifunga mkanda, yuko juu ya nguzo ya mkaratusi, kijiji kizima kimesimama chini, na mama zetu wanapiga vigelegele. Tulimheshimu mtu yule. Naomba heshima ile ile tumpe na mtoto wetu.

Sasa nikueleze mlango wa kazi hii, maana ni mwembamba, na kinachoubana zaidi ni karatasi.

Ya kwanza ni leseni ya malori makubwa, daraja A. Kikosi cha laini kinatembea na malori: lori la kuchimbia mashimo na kunyanyulia nguzo, magari ya kapu, matela ya nguzo na ya mabunda ya nyaya. Asiyeweza kuendesha anakuwa mzigo kwa wenzake. Kwa hiyo mwajiri akipokea ombi la kijana, swali la kwanza mara nyingi ni leseni, na anataka isiyo na vizuizi, yaani mtihani uwe umefanywa kwa lori lenye breki za upepo na gia za mkono. Tangu Februari 2022 sheria ya shirikisho inamtaka anayeanza apite kwanza kwenye mafunzo yaliyosajiliwa, ndipo aruhusiwe kufanya mtihani wa barabarani, na mafunzo hayo ni pesa. Halafu kuna jambo linalomgusa mtu wa mji huu kuliko wengine. Mwenye miaka 18 hadi 20 kwa kawaida haruhusiwi kuvuka mpaka wa jimbo na lori la biashara. Anasubiri afike 21. Na Kansas City imekaa juu ya mpaka. Kuna barabara hapa inaitwa State Line Road, upande mmoja Missouri, upande wa pili Kansas. Unavuka kwenda dukani na umeshahama jimbo. Mwanao tayari anafanya kazi ya chini kwenye kikosi, na safari ikiwa ya kuvuka mpaka hukaa kiti cha abiria tangu mwanzo, mwenzake akashika usukani. Wala halalamiki. Anasema mwaka na miezi si mingi.

Ya pili ni vipimo vya afya, pamoja na kipimo cha dawa za kulevya. Hili nalisisitiza kwa kila mzazi wa kwetu aliye jimbo hili. Wapiga kura wa Missouri waliihalalisha bangi kwa watu wazima mwaka 2022, na maduka yake yana taa na mabango kama duka la simu. Mtoto anaona inauzwa hadharani, anaamini haina neno. Lakini leseni ya lori iko chini ya sheria za shirikisho, na huko bangi ni haramu vile vile. Kipimo kimoja kibaya kinamfungia mlango aliokuwa anaujenga.

Ya tatu ni hesabu. Uanagenzi, yaani kujifunza kazi rasmi huku ukilipwa, unadai uwe umefaulu aljebra sekondari, kisha kuna mtihani wa kuingilia wa aljebra na ufahamu wa kusoma. Jioni hizi meza yetu ya chakula imejaa milinganyo. Wifi yako, ambaye wakati mmoja alifundisha hesabu kidato cha pili, amepata mwanafunzi tena.

Watu wengi walinishauri nimpeleke kwenye shule za laini. Zipo, na nyingine zina jina kubwa, kama Northwest Lineman College iliyoanzia Idaho mwaka 1993. Kijana anakaa wiki zipatazo 15, anafundishwa kupanda, kufunga vifaa na kuendesha, na ada ikichanganywa na malazi hufika dola 20,000 na kuzidi. Sizidharau. Kwa asiyemjua mtu yeyote na asiyejua hata kamba inafungwaje, ni mwanzo mzuri. Ila cheti cha shule hizo si uanagenzi. Ukishakipata unarudi kwenye foleni ile ile ya maombi, safari hii una deni. Nilimwambia mwanangu aanze chini, na nashukuru kwamba alinisikia.

Chini, Dada, maana yake ni chini kabisa. Sisi tuna jina la cheo hicho tangu zamani: saidia fundi. Kampuni ya kwanza aliyoiendea hata haikumwangalia usoni. Nyingine ikamchukua. Anafika alfajiri, anapakia lori, anapanga vifaa kwa mpangilio ambao fundi atavihitaji, anachimba kwa mkono pale mashine isipofika, anaelekeza magari barabarani kwa kibao. Akishasimama chini ya nguzo, kazi yake ni kamba. Fundi yuko juu, mikono yake miwili ina kazi. Kila anachohitaji kinapanda kwa kamba ya mkono: vikombe vya kushikilia nyaya, boliti, koleo, kipande cha waya. Saidia fundi anatakiwa ajue kinachofuata kabla hakijaombwa, akifunge kwa fundo lisiloteleza, akitume, na kamba isijinyonge. Na asisimame chini ya mtu anayefanya kazi, maana koleo likidondoka kutoka mita kumi halichagui.

Huko chini ndiko wazee wanakompimia kijana. Hakuna anayemwambia kuwa anatazamwa. Wanaona kama anashika simu. Wanaona kama anasema ndiyo wakati hakuelewa, na hilo kwao ni kosa kubwa kuliko kutojua. Kila asubuhi, kabla mtu hajagusa kitu, kikosi chote kinasimama nyuma ya lori na foromani anataja hatari za siku ile: laini ipi ina moto, ipi imezimwa na imeunganishwa na ardhi, nani yuko wapi, hospitali ya karibu ni ipi. Ni takwa la sheria, lakini mwanao anasema ukiwaona wazee wanavyosikiliza utadhani wako msikitini. Siku za mwanzo alikuwa na aibu ya kuuliza mbele yao kwa lafudhi yake. Mzee mmoja akamwambia kwamba anayemtisha ni kijana asiyeuliza.

Mzee huyo huyo ndiye anayemfundisha kupanda, baada ya saa za kazi, kwenye nguzo ya mazoezi iliyochimbiwa uani. Siku hizi magari ya kapu yapo, lakini nguzo nyingi ziko nyuma ya nyumba, ndani ya matope au katikati ya miti ambapo gari halifiki, kwa hiyo kupanda hakukwepeki. Unafunga miguuni vyuma vyenye ncha, unachoma mti, unapanda. Siku ya kwanza nilikwenda kumtazama. Alifika kimo cha paa la nyumba, akatazama chini, na mwili ukafanya kile ambacho mwili wa kila mtu hufanya: akaikumbatia nguzo.

Na hicho ndicho kinachoangusha. Ukiikumbatia nguzo, magoti yanaingia ndani, miguu inabadilisha mwelekeo, ncha za chuma zinachomoka kwenye mti, nawe unateleza hadi chini kifua na mikono vikisuguana na vibanzi. Anayetaka kubaki juu lazima ajisukume mbali na nguzo, nyonga nje, magoti nje, aamini mkanda, uzito wote auweke miguuni. Yaani hofu inakuamuru jambo moja na usalama unataka kinyume chake, na hakuna maneno yanayoweza kumfundisha mtu hilo. Mzee hakupiga kelele. Alisimama chini, akawa anarudia kwa sauti ya kawaida: nyonga nje, nyonga nje. Mwanao akaachia taratibu. Mimi baba yake nilikuwa natetemeka kuliko yeye.

Tangu Aprili 2015 kanuni za usalama kazini zinamtaka fundi anayepanda nguzo awe na kizuizi cha kumkamata asianguke, mara nyingi mkanda unaoibana nguzo mguu ukiteleza. Zamani walipanda bila chochote hadi wafike juu. Glavu za mpira nazo zina madaraja yake kulingana na volti, zinavaliwa chini ya glavu za ngozi, na zikianza kutumika hazikai zaidi ya miezi sita bila kupimwa tena kwa umeme. Nakutajia haya kwa sababu najua usiku unawaza nini.

Sitakudanganya kwamba hakuna hatari. Chama cha mafundi umeme cha huku, IBEW, kilizaliwa St. Louis, jimbo letu hili hili, Novemba 1891, na waliokianzisha walikusanywa na vifo. Kumbukumbu za chama zinasema kuna maeneo ambako nusu ya waliojiunga na kazi ya laini siku hizo waliuawa nayo. Rais wao wa kwanza, Henry Miller, alikuwa fundi wa laini aliyesafiri mji kwa mji akifanya kazi mchana na kuwaunganisha wenzake usiku. Mwaka 1896, akiwa kazini Washington, alipigwa na umeme, akaanguka, akafa. Mafunzo, vikao vya asubuhi, glavu zinazopimwa, yote hayo yalidaiwa na watu waliozika wenzao. Hata leo kazi hii iko kwenye orodha ya kazi zinazoua sana Marekani. Nayajua hayo, na bado nimemruhusu.

Oktoba iliyopita nilimpeleka Bonner Springs, upande wa Kansas, kwenye mashindano ya kimataifa ya mafundi wa laini. Ni uwanja mpana uliochimbiwa nguzo nyingi, na familia zinakuja na viti vyao. Wanagenzi wanashindana kupanda na yai bichi kwenye ndoo, kisha wanashuka nalo mdomoni bila kulivunja, na watu wanashangilia. Lakini lililomnyamazisha mwanao ni shindano la uokoaji. Juu ya nguzo kuna sanamu la mtu lenye uzito wa kilo 80 hivi, mfano wa fundi aliyepigwa na umeme. Mshindani anaanza chini. Anavaa vyuma, anapanda, anamfunga mwenzake kamba, anakata mkanda wake, anamteremsha salama. Amepewa dakika nne tu, kwa sababu ubongo uliokosa hewa hausubiri. Tulipokuwa tunarudi garini aliniuliza, Baba, mimi nikiwa juu, wa chini atakuwa nani? Nikaona ameielewa kazi kabla hajaipata.

Akikubaliwa, atasoma akilipwa. Uanagenzi wa huku unahesabiwa kwa saa za kazi, 7,000, kama miaka mitatu na nusu hadi minne. Anaanza na asilimia 60 ya ujira wa fundi kamili na kupandishwa kila afikishapo saa 1,000, huku akiingia darasani. Mshahara wa kati wa mafundi hawa nchini ni zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka, bila kulipia chuo kikuu. Mahojiano ni mbele ya kamati ya waajiri na chama kwa pamoja, na waombaji wanapangwa kwa alama. Wa juu anaitwa kwanza, wa chini anasubiri au anaomba upya. Mahojiano yake ni mwezi ujao. Naomba dua yako, na ukitaka kumkemea, mpigie yeye mwenyewe Jumapili. Siku nyingine saa tatu usiku ameshalala.

Sasa yule kijana wa jirani yako, aliyemaliza chuo cha ufundi cha VETA na ambaye umesema kuna wakala Dar anamdai pesa ili amwingize kwenye uanagenzi huu. Mwambie ukweli huu kabla hajauza kiwanja cha babake. Programu hizi hazitoi viza. Zinampokea mtu ambaye tayari ana haki ya kisheria ya kufanya kazi Marekani, na maombi mtu anayapeleka mwenyewe, kwa ada ndogo au bila ada kabisa. Cheti chake cha VETA kina thamani huko huko aliko. Wakandarasi wa miradi ya umeme vijijini wanahitaji watu wa kuchimba, kuvuta na kupanda, na hata huko wataanza kwa kumtazama akiwa chini. Amwombe mkandarasi nafasi ya saidia fundi. Huyo wakala asimpe hata shilingi.

Ndugu yako.