Ukale wa Silaha

Mwanzoni mwa mwaka 2023 nilikuwa nikisoma na wanafunzi wangu Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip. Mazungumzo yalitufikisha kwenye silaha za zama zile, nami nikataja bunduki ya fataki. Darasa zima likaangua kicheko. Sikuwalaumu. Tangu kampeni ya redio iliyoanza mwaka 2008, fataki katika masikio ya vijana wa nchi hii ni mtu mzima anayewanyemelea wasichana wa shule. Neno ni kama chumba cha kupanga: mpangaji wa kwanza akihama, wa pili huingia na vyombo vyake, na majirani husahau kwamba palikuwa na mwingine.

Kicheko kilipotulia niliandika ubaoni majina manne. Bunduki ya mrao ni ile iliyowashwa kwa utambi. Bunduki ya gumegume iliwashwa kwa cheche ya jiwe. Bunduki ya viasi ni ile ishibishwayo kwa nyuma, risasi na baruti zikiwa zimefungwa pamoja. Kati ya gumegume na viasi husimama bunduki ya fataki. Fataki yenyewe ni kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ndani yake. Hukalishwa juu ya kifa, yaani kijibomba kilichopo nyuma ya mtutu. Mtambo ukikigonga, moto hupenya na kuwasha baruti iliyoshindiliwa. Mwanafunzi mmoja aliyeketi nyuma akauliza, “Mwalimu, wewe umewahi kuishika?” Nilijibu kwamba nimeiona nyuma ya kioo. Jibu lile halikumtosheleza, wala mimi halikunitosheleza.

Hapo ndipo nilipoingiwa na shauku ya kununua bastola ya fataki, si ya asili, bali nakala yake. Nilijiambia kwamba bastola ni ndogo, hukaa mezani, na mtu huweza kuuona utendaji wake wote kwa mara moja. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa kweli yote. Kweli nyingine ni kwamba nilipokuwa masomoni London niliwahi kusimama mbele ya dirisha la duka la vitu vya kale, nikaona bastola moja ya namna hiyo juu ya kitambaa chekundu, na uzuri wake ukanikaa moyoni kwa miaka mingi.

Bastola hiyo ilikuwa na asili yake kwa Samuel Colt, Mmarekani aliyepata hataza ya uvumbuzi wake mwaka 1836. Kati ya mtutu na kitako pana pipa dogo lizungukalo, lenye vyumba vitano au sita. Kila chumba hutiwa baruti kwa mbele, kisha risasi ya mviringo, na wenzo uliopo chini ya mtutu hufanya kazi ya mdeki wa kushindilia. Nyuma ya kila chumba pana kifa chake na fataki yake. Mtu aivutapo jogoo ya bastola kwa kidole gumba, pipa huzunguka na kuleta chumba kingine. Watumiaji waangalifu hupaka mafuta mazito juu ya risasi, kwa kuwa moto wa chumba kimoja ukiruka, vyumba vingine huweza kulipuka pamoja nacho mkononi mwa mwenyewe.

Silaha za jamii hiyo zilifika mapema katika nchi za maziwa yetu. John Hanning Speke alipofika kwa Kabaka Mutesa mwezi Februari 1862, miongoni mwa zawadi alizotoa zilikuwamo bunduki kadhaa na bastola moja ya pipa la kuzunguka. Speke mwenyewe ameandika kwamba Kabaka alimkabidhi kijana wa nyumbani mwake bunduki mojawapo, akamwamuru atoke nje akaijaribu kwa kumpiga mtu. Kijana akaenda, akarudi akiwa na furaha. Jina la aliyepigwa halikuandikwa.

Basi nikaanza kutafuta. Nilijifunza kwamba bastola nyingi za mfano hutengenezwa Gardone Val Trompia, bonde la wahunzi katika jimbo la Brescia, Italia. Biashara hiyo ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, Wamarekani walipokuwa wakijiandaa kuadhimisha miaka 100 ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Kiwanda cha Uberti, kwa mfano, kilianzishwa mwaka 1959. Nilijifunza pia hadhari za mnunuzi. Nakala ya Kiitaliano hugongwa alama za jumba la ukaguzi na herufi zinazoonyesha mwaka wake, na aghalabu huandikwa kwamba itumie baruti nyeusi tu. Ole wake mnunuzi akutanaye na bastola ambayo alama hizo zimesuguliwa kwa tupa, kwani hapo nakala huuzwa kwa bei ya asili.

Sheria nazo hazilingani. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1968 huzitoa bastola nyingi za namna hii katika hesabu ya silaha za moto, ama kwa ukale wake, ama kwa kuwa nakala isiyotumia viasi, na mtu huweza kuletewa yake kwa posta kama aletewavyo kitabu. Uingereza huiachia ya asili ikae ukutani kama pambo, lakini nakala iwezayo kufyatua hudai hati. Nilipouliza hapa nyumbani nilielekezwa kwenye Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Afisa aliyenipokea alinisikiliza kwa upole, kisha akasema, “Mwalimu, ikitupa risasi kwa baruti, sisi hatuulizi umri wake.” Nikaondoka nikimwona mtu asiyejua tofauti kati ya historia na uhalifu.

Mwezi Agosti mwaka huohuo mjomba wangu alifariki huko Tarime. Mama yangu ni Mkurya, na kwa wajomba ndiko nilikokulia wakati wa likizo. Baada ya maziko, mkaza mjomba aliniita kando, akamwambia mwanawe apande ghalani. Kijana akashuka na kitu kirefu kilichoviringwa katika gunia. Lilikuwa gobore.

Nilipiga magoti kulitazama. Mtutu wake ulikuwa bomba la chuma lisilo na mikunjo ndani. Kitako chake kilichongwa kwa mti mgumu na kung'arishwa na jasho la mikono. Nilivuta jogoo yake, nikaona kifa kimesimama pale pale nilipokichora ubaoni. Moyo ulinidunda. Niliyemtafuta Italia alikuwa amelala juu ya mtama wa mjomba wangu! Na papo hapo wazo jingine likanijia. Majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki za viasi katika miaka ya 1860 na 1870, yalibaki na shehena za bunduki za mitindo ya zamani, na nyingi zikashushwa Unguja ziuzwe bara. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ukazuia bunduki bora zisiingie huku, ukaruhusu zile duni za gumegume. Kwa hiyo Mwafrika aliachiwa masalio, na masalio yalipochakaa, wahunzi wake wakayaiga. Gobore hili nalo ni nakala. Mhunzi wa Gardone na mhunzi wa Tarime wamefua mfano wa mzee mmoja, wa kwanza kwa ajili ya watu wanaotaka kucheza mambo yaliyopita, wa pili kwa ajili ya watu ambao mambo hayo hayajawapita.

Nikasema, “Mama, kitu hiki ni cha kale. Nipe nikakiombee kibali, nikiweke chuoni, watoto wajifunze.”

Hakunijibu upesi. Alimwambia kijana alifunike. Kisha akanisimulia habari ambayo nilikuwa nimeifichwa tangu utoto. Usiku mmoja mwaka 1986 wezi wa ng'ombe waliingia bomani. Yowe likapigwa, na kama ilivyo desturi, kila mwanamume aliyelisikia alitoka mbio kuja kusaidia. Mjomba alisimama penye lango akiwa na gobore lake. Giza lilikuwa zito. Aliona mtu akiruka ua, akafyatua mara moja, maana gobore halina mara ya pili. Aliyeanguka alikuwa kijana wa ukoo wa jirani, aliyeitikia yowe. Wazee waliketi katika iritongo, baraza la jamii, ng'ombe wa fidia wakatolewa, na maneno yakafungwa. Mjomba hakulifyatua tena gobore lile. Lakini kila mwaka alilishusha, akalipaka mafuta, akalirudisha.

“Wewe waliita la kale, mwanangu,” alisema mkaza mjomba. “Mama wa kijana yule yu hai. Nenda kamwulize kama ni la kale.”

Mama huyo alikuwa amehamia kwa mwanawe mwingine katika wilaya ya Serengeti. Baada ya siku mbili niliondoka pamoja na mtoto wa mjomba, tukiliacha gobore mikononi mwa wazee. Tulipita Nyamwaga na Nyamongo, tukavuka mto Mara, tukalala Mugumu. Asubuhi tukashika njia ya Ikoma. Upande ule yapo magofu ya ngome ambayo Wajerumani waliijenga mwanzoni mwa karne ya 20, na ng'ambo yake huanza mbuga ambayo mwaka 1951 ilifanywa hifadhi ya taifa. Mtoto wa mjomba alinieleza njiani kwamba wawindaji wa kale wa huku waliusifu zaidi mshale wa sumu, kwa kuwa ulikuwa kimya. Gobore lina sauti, na sauti humwita askari wa wanyamapori. Siku nyingine ningeyaandika yote hayo kwa furaha. Siku ile sikutoa kalamu.

Tulimkuta bibi ameketi kivulini akipepeta ulezi. Tulimwamkia, “Shikamoo, bibi,” akaitikia, “Marahaba, wanangu,” akatuwekea vigoda. Mtoto wa mjomba alimweleza kwamba baba yake amefariki, na kwamba ile silaha imeshushwa. Bibi aliendelea kupepeta kwa muda. Kisha akauliza, “Bado inafanya kazi?”

Nikajibu kwamba inafanya kazi, kwani mzee aliitunza.

“Aliitunza,” alisema. Nami nilitamani ardhi inimeze, kwa kuwa nilikuwa nimelitamka neno lile kama sifa.

Hata hivyo niliona ni wajibu wangu kumweleza ombi langu, maana kuficha kungekuwa kumwibia. Nilimwambia kwamba mimi ni mwalimu, na kwamba ningependa watoto waione. Alinitazama bila hasira. “Watoto watauliza ni ya nini,” alisema. “Utawaambia ni ya Wazungu wa zamani. Utamtaja mwanangu?” Sikuwa na jibu. Akasema, “Ipelekeni kwa serikali, ivunjwe. Mimi nataka kusikia imevunjwa.”

Umoja wa Afrika umeutenga mwezi wa Septemba wa kila mwaka, hadi mwaka 2030, kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu bila kushtakiwa. Mwaka ule serikali yetu ilitangaza msamaha wa Septemba na Oktoba. Mtoto wa mjomba na mtendaji wa kijiji walilifikisha gobore polisi. Mimi sikuwapo; nilikuwa nimerudi darasani. Nilipigiwa simu jioni nikaambiwa limepokelewa. Mkaza mjomba aliomba simu apewe yeye, akasema, “Ghala sasa ni la mtama tu.”

Nimefikiri sana tangu siku hiyo juu ya neno kale. Sisi wasomi hulipima kwa miaka, kana kwamba wakati peke yake huweza kukifanya kitu kiwe cha kale. Bastola ya mwaka 1851 juu ya kitambaa chekundu ni ya kale kwa sababu wote walioililia wamekwisha kuzikwa. Gobore lililofuliwa karne moja baadaye, kwa hila ileile ya fataki, si la kale hata kidogo, maana yupo anayepepeta ulezi akingoja kusikia limevunjwa. Afisa yule niliyemdharau alikuwa amesema kweli kwa maneno machache kuliko yangu.

Ile bastola ya Gardone sikuinunua. Nilimwendea seremala wa Tarime, nikamchorea, akanichongea moja ya mti: pipa lake lazunguka, jogoo yake yavutika, na vifa vyake sita ni vijiti visivyo na tundu. Naipitisha darasani kila mwaka. Vijana huigeuzageuza, hucheka wasikiapo jina la fataki, nami huwaacha wacheke. Kisha huwaeleza habari za Colt, za Speke na Mutesa, na za yule mtu wa nje ya ua ambaye jina lake halikuandikwa. Mwisho huwaeleza habari za kijana aliyeitikia yowe. Jina lake nalijua sasa, na humo darasani hulitaja.